Fundi wa Ndege: Dhima ya Chuo na Upana wa Neno

Neno fundi ni pana. Mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, humtaja mwashi, mshonaji na mtengenezaji wa baiskeli. Mwalimu wa huko anapomshauri mwanafunzi wake asomee «ufundi wa ndege», neno hilo halimwelezi kijana atabeba dhamana gani. Tuitazame basi historia yake.

Zamani karakana ndiyo iliyokuwa shule: mwanagenzi alijifunza mikononi mwa fundi mkuu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, lilikuwa na karakana yake kuu Nairobi. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo Soroti, Uganda, cha kufundisha marubani na mafundi wa ndege. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo nalo lilikufa, na Tanzania ikaunda lake. Mafunzo yakawa mzigo wa kila nchi. Leo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975, hufundisha fani hii.

Hata hivyo, kuhitimu si kupata leseni. Leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga. Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 humtaka mwombaji awe na uzoefu wa miaka minne. Aliyemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa hutakiwa miwili tu. Maana yake ni kwamba chuo kimetwikwa nusu ya dhima iliyokuwa ya karakana. Kikilegea, anayeumia ni abiria, kwa kuwa mwenye leseni ndiye atiaye sahihi kuthibitisha kuwa ndege inafaa kuruka.

Kiambatisho hicho chenyewe huruhusu leseni hiyo moja iitwe ya fundi sanifu, ya mhandisi au ya fundi mitambo. Kwetu majina hayo hayalingani: fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi ni madaraja mbalimbali ya elimu. Kwa hiyo twapendekeza wafasiri watenge daraja na dhamana. Daraja litajwe kwa majina hayo matatu. Dhamana itajwe kwa kusema «mwenye leseni ya matengenezo ya ndege». Hapo mwalimu wa Bariadi ataweza kumwonyesha mwanafunzi wake mahali chuo kinapoishia na mahali sahihi yake inapoanzia.