Amana, Dhima na Bima: Historia ya Maneno Matatu ya Karakana

Katika makala hii tunakusudia kueleza historia ya maneno matatu, yaani amana, dhima na bima, na kuonyesha kwa nini mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hawana budi kuyatenganisha. Mfano wetu utakuwa karakana ya pamoja, ile ambayo mafundi kadhaa huchangia paa, zana na shimo la kukagulia magari, lakini kila mmoja ana wateja wake.

Tuiweke karakana hiyo Vugiri, kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe, penye mashamba ya chai ya Usambara Magharibi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Baadaye barabara kuu iendayo Arusha nayo ikapita Korogwe, na magari yakapanda milimani. Palipo na magari pana mafundi, na mafundi huja na maneno yao. Karakana asili yake ni Kiajemi, maana yake nyumba ya kazi. Gereji tumeipata kwa Waingereza, nao waliitoa kwa Wafaransa. Gereji isiyo na kibali wananchi wameiita gereji bubu, na jina hilo limekaa mahali pake, kwani mbele ya sheria gereji ya namna hiyo haina la kusema.

Neno la kwanza ni amana. Asili yake ni Kiarabu, nalo lina uzito wa dini na wa uungwana: mali ya mtu iliyo mikononi mwako si yako. Mabenki yamelitumia kwa fedha zilizowekwa, lakini maana yake ni pana zaidi. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika Tanganyika mpaka ilipotungwa sheria yetu ya mwaka 1961, ambayo leo ni Sura ya 345. Sheria zote mbili zinamtaka mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama vile mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe. Fundi aliyepokea ufunguo wa gari, basi, amepokea amana. Sheria hiyo hiyo inampa pia haki ya kulizuia gari alilolifanyia kazi mpaka alipwe ujira wake, isipokuwa kama mkataba unasema vinginevyo.

Neno la pili ni dhima, nalo pia ni la Kiarabu. Ni mzigo ulio shingoni mwa mtu kwa sababu ya ahadi aliyoitoa au kosa alilolitenda. Neno hili limepata misukosuko. Walimu wa fasihi hulitumia kwa maana ya kazi ya sanaa katika jamii, na maofisi mengi huandika “dira na dhima” yanapoeleza malengo yao. Wafasiri wengine hulikwepa wakaandika wajibu, dhamana au deni. Lakini wajibu ni jambo lipasalo kutendwa, dhamana ni kumsimamia mwingine, na deni ni kiasi kilichokwisha kujulikana. Dhima huwapo hata kabla kiasi hakijajulikana.

Neno la tatu ni bima, ambalo limetujia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara. Uingereza ilifanya bima ya magari kuwa lazima kwa sheria ya mwaka 1930, kwa ajili ya watu wanaouawa au kuumizwa barabarani, na Tanganyika ikafuata mkondo huo. Sheria yetu leo ni Sura ya 169. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likashika peke yake biashara hiyo mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa makampuni mengine. Katika miaka hiyo wananchi wamejitungia maneno yao: hukata bima, na bima hiyo huwa ndogo au kubwa.

Sasa turudi karakanani. Tuseme fundi mmoja anachomea bodi, cheche inaruka, na gari la mteja wa fundi wa pili linaungua. Mwenye gari ana bima ndogo. Bima hiyo inahusu madhara ambayo gari lake huwapata nayo wengine. Gari lenyewe haliangalii. Kama angekuwa na bima kubwa, kampuni ingeweza kumlipa, kisha ikashika nafasi yake na kumdai fundi aliyekosea. Kwa vyovyote dhima ya fundi imebaki shingoni mwake. Anayesema “gari lina bima” hajasema lolote juu ya fundi.

Hapa ndipo maneno “mtu wa tatu” yanapowapoteza wengi. Katika bima mtu wa kwanza ni mwenye kukata bima, wa pili ni kampuni, na wa tatu ni mwingine aliyedhuriwa. Mwenye gari ni mtu wa kwanza katika bima yake mwenyewe, lakini katika bima ya fundi yeye ndiye wa tatu. Tena bima ya kawaida ya dhima aghalabu huacha nje mali iliyo mikononi mwa mwenye bima. Hivyo mafundi wanaochangia paa moja hawana budi kutaka iandikwe waziwazi kwamba magari waliyokabidhiwa yamo, na mafundi wanaohusika ni nani.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu, na kazi ya kuzifasiri ni kubwa. Kwa hiyo tunapendekeza amana itumike kwa mali iliyokabidhiwa, dhima kwa mzigo wa kisheria, na bima ya dhima kwa mkataba wa kuubeba mzigo huo. Dhamana iachiwe wadhamini. Fundi wa Vugiri akisomewa mkataba wake kwa maneno hayo, atajua analipia nini kabla cheche haijaruka.