Taa za rivasi: kutoka balbu hadi LED

Wadau, tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma kutoka kwenye feri ya Likoni likazama, mama na mwanawe wakafa. Sisemi taa ingewaokoa. Lakini tangu siku ile naiogopa rivasi.

Zamani aliyetaka mwanga zaidi kwenye bampa alifunga balbu za wati 21. Mbili, kwa volti 12, zinakula ampea 3.5; waya mwembamba unachemka.

Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa Nichia, Japani, akaleta LED angavu ya buluu. Mwaka 1996 kampuni hiyo ikaifunika fosfori ya njano, ikatoka nyeupe.

Swichi bado ni ile ile ya giaboksi (sisi wa programu tungesema kiolesura hakikubadilika). Ukiongeza taa, swichi iwashe rilei tu, na fyuzi ikae karibu na betri.