Supu ya Kilichopo: Historia Fupi ya Chungu cha Mkimbizi



Katika toleo hili la kumbukumbu wengine wameandika juu ya shule, juu ya makanisa na misikiti, na juu ya ndugu zetu waliolala makaburini. Mimi Kamati imeniomba niandike juu ya chungu. Huenda wapo watakaocheka. Lakini asiyejua historia ya chungu chetu hajui tulivyoishi, maana watoto wetu walikua au walidhoofika kwa kadiri ya kile kilichokuwamo chunguni jioni.

TULIVYOFIKA

Oktoba 1996 vita viliingia Uvira, kisha vikashuka hadi Fizi. Watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na boti mpaka mkoa wa Kigoma, na Novemba mwaka huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Nchi tuliyoikimbia iliitwa Zaire. Mei 1997 ikabadilishwa jina kuwa Kongo, sisi tukiwa tayari chini ya mahema. Wapo waliofika na sufuria bila kifuniko, na wapo waliofika na kifuniko bila sufuria. Majirani wa namna hiyo walipika pamoja.

Chakula cha msaada kilikuwa mahindi au unga wake, maharage au njegere kavu za njano zilizopasuliwa, mafuta ya kupikia, chumvi, na unga wa uji wa mahindi na soya. Watu wa ziwani tulizoea ugali wa muhogo, ndagala, mawese na sombe. Njegere zile za njano wengi wetu hatukuzijua. Wengine walizipika kwa muda wa maharage, wakifunua wanakuta zimeyeyuka zote, wakalalamika kwamba wamepewa chakula kilichoharibika. Mama mmoja wa Baraka, jirani yetu, alionja kwa mwiko akasema: "Hii haikuharibika. Imejipika supu yenyewe." Akatupa humo kiganja cha lengalenga alizochuma nyuma ya hema, akaongeza chumvi, akawaita watoto. Hivyo ndivyo supu ya kambi ilivyoanza katika mtaa wetu.

Yafaa kueleza neno lenyewe. Hapa Tanzania mtu akisema supu, wengi huelewa maji ya nyama au mifupa yanayonywewa asubuhi. Kwetu upande wa Kivu, supu ni maji yoyote ya mboga, samaki au maharage yanayolowesha ugali. Katika makala haya natumia maana ya kwetu.

WALIOTUTANGULIA

Sisi si wa kwanza kulishwa kwa chungu cha pamoja. Tarehe 1 Januari 1790, katika mji wa Munich huko Ujerumani, ombaomba walikusanywa wakapelekwa katika nyumba ya kazi. Msimamizi alikuwa Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts, ambaye baadaye aliitwa Count Rumford. Aliwalisha supu ya shayiri, njegere, siki, chumvi na vipande vya mkate mkavu, na baadaye akaongeza viazi. Tena alitengeneza majiko yaliyoufunika moto ili kuni zisipotee bure. Mpaka hapo tunamsifu. Lakini aliona jinsi shayiri ikichemka muda mrefu supu inavyokuwa nzito, akadhani kwamba maji yenyewe yamegeuka kuwa chakula. Hapo alikosea. Shayiri hunywa maji ikavimba, tumbo hujaa, lakini nguvu inayopatikana ni ile ya shayiri peke yake.

Kosa hilo lilirudi kwa sura nyingine katika nchi ya Ireland. Ugonjwa wa viazi ulianza huko mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yake. Aprili 1847 mpishi maarufu kutoka London, Mfaransa Alexis Soyer, alifungua jiko kubwa mjini Dublin. Watu waliingia kwa zamu wakiitwa kwa kengele, na vijiko vilifungwa kwa minyororo. Katika hesabu yake moja, galoni mbili za maji, yaani kama lita 9, zilipata robo ratili ya nyama, nayo haifiki hata gramu 120, pamoja na kiasi kidogo cha mafuta, unga, shayiri na vitunguu. Waganga wa wakati ule walilalamika kwamba supu hiyo haina nguvu ya kutosha. Hata hivyo tusiwe wachoyo wa haki: Julai 1847 majiko ya supu ya serikali yaliwafikia watu zaidi ya milioni 3 kwa siku, na wengi waliokoka kwa ajili yake. Yalifungwa kabla ya mwaka kwisha, ingawa njaa ilikuwa bado.

MFANO WA KARIBU ZAIDI

Mfano wa tatu unatuhusu sana, maana ni wa wakimbizi wa Afrika kama sisi. Miaka ya 1980 vita vya Msumbiji viliwasukuma watu wapatao milioni moja hadi Malawi. Chakula chao cha msaada kilikuwa hasa mahindi, na karanga ziliongezwa kidogo. Mwaka 1989 karanga zikakosekana. Mahindi yaliendelea kuja na matumbo yakaendelea kushiba. Lakini mwaka 1990 wagonjwa zaidi ya 18,000 walipatikana na pelagra: ngozi inayopigwa na jua hugeuka nyeusi na kukauka, mtu huhara, na akili huchanganyikiwa. Sababu yake ni upungufu wa vitamini moja ambayo mahindi huwa nayo kwa namna ambayo mwili hauwezi kuitumia vizuri, na ambayo karanga huwa nayo tele.

Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Kiganja kimoja cha karanga ndicho kilichowatenganisha watu hao na ugonjwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mpishi ni kile alichotia chunguni. Bakuli ngapi zimejaa ni swali linalofuata.

ELIMU YA MAMA ZETU

Mama zetu hawakusoma habari za Dublin, lakini walifuata njia ambayo inafaa iandikwe. Chungu chao kilikuwa na sehemu nne.

Kwanza, msingi: maharage au njegere. Maharage hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Kuloweka kunapunguza kuni, na kuni tunajua bei yake: kina mama na binti zetu walizifuata mbali msituni, na wengine walipata madhara huko. Njegere zilizopasuliwa hazina haja ya kulowekwa. Kwa watu watano, vikombe viwili vya njegere na vikombe vinane vya maji vinatosha.

Pili, jani: lengalenga, ambazo wenyeji huziita mchicha, matembele, majani ya maboga au ya kunde. Hutiwa mwishoni, yakae motoni dakika chache tu. Sombe ni tofauti. Majani ya muhogo yana sumu, hivyo sharti yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu bila kifuniko.

Tatu, kitu cha kujenga mwili: ndagala wakavu waliosagwa, au karanga zilizotwangwa. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila mlaji si kingi, lakini kumbuka habari ya Malawi.

Nne, mafuta na chumvi mwisho kabisa. Mafuta ya msaada huongezwa vitamini A, na chumvi huongezwa madini joto; havifai kuchemshwa kwa saa tatu. Mafuta hayo pia husaidia mwili kupokea faida ya majani.

Supu ikiwa nyepesi, koroga kijiko cha unga wa mahindi katika maji baridi kwanza ndipo umimine, usije ukapata madonge. Unga wa uji wa watoto wadogo usiguswe kwa kazi hii. Na magadi, ambayo wengi tunayapenda kwa kulainisha maharage, yatiwe kidogo sana au yaachwe, kwa sababu huharibu sehemu ya vitamini.

SIKU ZA KUPUNGUA

Mwaka 2009 kambi ya Lugufu ilifungwa, na wenzetu wa huko wakaletwa Nyarugusu na masufuria yao. Mwaka 2015 ndugu zetu Warundi waliingia kwa maelfu kupitia Kagunga, ambako Mei mwaka huo kulizuka kipindupindu. Walipofika kwetu, chakula cha kwanza ambacho jirani aliweza kuwapa bila hofu kilikuwa supu, kwa kuwa ilikuwa imechemka na ilikuwa ya moto. Wao nao walituonyesha jinsi ya kutia nyanya chungu, ambazo huziita intore, katika chungu cha maharage.

Kisha kukawa na miaka ya mgawo kupunguzwa kwa sababu ya upungufu wa fedha za wafadhili. Kipimo cha kawaida ni kalori 2100 kwa mtu kwa siku. Juni 2023 mgawo katika kambi za Tanzania ulishushwa hadi nusu. Siku hizo nilimwona mama akiongeza maji chunguni mara ya tatu ili watoto wasione tofauti. Simlaumu. Mimi pia nimefanya hivyo. Lakini nilikumbuka kosa la Rumford, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta jani. Nyumba tatu jirani tukachanga: mmoja njegere, mwingine ndagala, mimi majani na kuni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sisemi kwamba bustani ya nyuma ya nyumba inaweza kujaza nafasi ya mgawo uliokatwa. Haiwezi, na wakubwa wasije wakaisoma makala hii kwa namna hiyo. Nasema kwamba kidogo kilichopo kinaweza kupikwa kwa akili au kupikwa kwa mazoea tu, na mtoto mdogo ndiye anayelipa tofauti hiyo.

Wengi wa mama waliopika mwaka 1996 sasa ni bibi, na baadhi yao wametutoka. Kamati inawaomba vijana wawaendee waliobaki, wa Uvira, Fizi, Kalemie na wale wa Burundi, wawaulize walipika nini na kwa kipimo gani, wakaandike na kuleta ofisini. Vilevile kila nyumba ipande walau tuta moja la lengalenga kabla ya mvua kwisha.