Mzizi wa danggui: ni kitu gani hasa, na kwa nini akina mama waujue kabla ya kuunywa

Wadau, kwa muda mrefu nimekuwa nikiulizwa kuhusu vile vidonge na vipande vya mizizi ya Kichina wanavyouziwa akina mama, eti vinasafisha kizazi, vinapanga hedhi na kuongeza damu. Kwenye pakiti moja utakuta imeandikwa danggui, nyingine dong quai, nyingine tang kuei, mpaka mtu anadhani ni dawa tatu tofauti. Ni mzizi ule ule mmoja, tofauti ni namna ya kuandika Kichina kwa herufi zetu. Wataalamu wa mimea wanauita Angelica sinensis. Nimekaa nikausoma vya kutosha, sasa naomba niwape ninachokifahamu.

Kwanza mmea wenyewe. Ni ndugu wa karoti, giligilani, shamari na binzari nyembamba, na ukiuona maua yake meupe yaliyotandaa kama mwavuli utakubali. Unapenda baridi na milima. Sehemu inayosifika kuliko zote ni Minxian, katika jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi ya China, ambako mashamba yako mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Mkulima anaotesha miche, anaihamishia shambani na kuvuna mizizi wakati wa vuli, mara nyingi mwaka wa pili au wa tatu. Mmea ukiwahi kutoa maua kabla ya wakati basi hasara, maana mzizi unakuwa mgumu kama kuni na haununuliwi. Mizizi mizuri hufungwa mafungu na kukaushwa taratibu kwa moshi. Ikishakauka inakuwa ya kahawia nje na ya rangi ya maziwa ndani, na harufu yake ni kali, yaani ukifungua mfuko jikoni nyumba nzima inajua.

Jina lenyewe lina maneno mawili, "dang" yaani inapasa, na "gui" yaani kurudi. Wapo wanaosema maana yake ni damu irudi kwenye njia yake. Wapo wanaosimulia habari za mke na mume aliyekuwa safarini ambaye alipaswa kurudi nyumbani. Mimi ya pili naichukua kama hadithi nzuri tu. Waganga wa Kichina hawautumii mzizi huu kama kitu kimoja: kichwa chake wanasema kinazuia damu, kiwiliwili kinailisha, na mikia yake inaisukuma itembee. Sasa wewe uliyenunua kopo la unga, unajua umesagiwa kipande kipi?

Umri wake mkubwa kweli. Umetajwa katika Shennong Bencao Jing, kitabu cha dawa cha Wachina cha karibu miaka 2,000 iliyopita. Mnamo mwaka 200 tabibu Zhang Zhongjing aliandika dawa za akina mama zenye danggui ndani, na baadhi yake Wajapani wanazitumia mpaka leo hospitalini. Karne ya 12 ikawa maarufu Si Wu Tang, mchemsho wa vitu vinne: danggui, chuanxiong, baishao na shudihuang, ambao mpaka sasa ndio mchemsho wa kwanza kutajwa ukiongelea hedhi. Mwaka 1247 Li Dongyuan akaandika mwingine wa vitu viwili tu, huangqi mafungu matano kwa danggui fungu moja. Wazungu nao hawakuachwa nyuma, kampuni ya Merck ya Ujerumani ilianza kuuza dawa yake ya maji iitwayo Eumenol mwaka 1899. Nimeyaweka haya ili muone jambo moja: danggui kwa Wachina karibu siku zote hutumika pamoja na vitu vingine, kwa kipimo, baada ya tabibu kumshika mgonjwa mkono na kumwangalia ulimi. Kipimo cha kawaida katika kitabu rasmi cha dawa cha China ni gramu 6 hadi 12 kwa siku. Kidonge kimoja kimoja cha danggui tupu kwa kila mwenye kizazi, hicho ni kitu cha biashara ya kisasa.

Hapa sasa ndipo penye tatizo, naomba msome taratibu. Mchina akisema mzizi huu "unalisha damu" hazungumzii damu ile inayopimwa maabara kwa Hb. Katika elimu yao "xue" ni damu lakini pia ni ulishaji wa mwili, ngozi, macho, usingizi, na hata utulivu wa moyo. Mtu anaweza kuwa na upungufu wa "xue" na Hb yake ikawa nzuri kabisa. Sasa maneno hayo yakishafika kwetu yanatafsiriwa "inaongeza damu", na mama mwenye upungufu wa damu anaelewa kama sisi tunavyoelewa sharubati ya rozela au vidonge vya madini ya chuma. Siyo kitu kimoja.

Dada mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anatokwa na hedhi siku tisa, kumi, pedi hazitoshi. Muuzaji mmoja wa dawa lishe akamwambia kizazi kina uchafu na damu ni pungufu, akamuuzia makopo ya danggui ya miezi minne, kwa pesa ambayo ingelipa ultrasaundi zaidi ya mara moja. Damu ikaendelea, yeye akiambiwa ndiyo uchafu unatoka. Siku alipoanguka bafuni ndipo akapelekwa hospitali, Hb ikakutwa 6, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Kumbe ana uvimbe kwenye kizazi, fibroidi, zimekaa miaka. Aliongezewa damu, akafanyiwa upasuaji, yupo. Siwezi kusema kopo ndilo lililozidisha damu, hakuna aliyepima. Ninachosema ni kwamba miezi minne ilipotea.

Na sababu ya kuogopa ipo. Ndani ya mzizi kuna asidi feruliki, ligustilidi na vitu vya jamii ya kumarini, na majaribio ya maabara yameonyesha baadhi ya vitu hivyo hupunguza kuganda kwa damu. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani waliandika habari za mama wa miaka 46 aliyekuwa akitumia wafarini kwa ajili ya moyo. Alipoanza danggui, ndani ya wiki nne kipimo cha kuganda kwa damu kilipanda zaidi ya mara mbili, alipoacha kikarudi. Kwa hiyo kama unatumia wafarini, au unakaribia upasuaji, au unatokwa damu nyingi, kaa mbali. Hata waganga wa Kichina wenyewe hawampi mtu anayeharisha. Mwenye mimba pia asijaribu kwa kujinunulia, ingawa ni kweli China ipo michemsho ya wajawazito yenye danggui, lakini huko kuna tabibu anayefuatilia. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aongee kwanza na daktari wake, kwa sababu maabara imeonyesha maji ya mzizi huu yakichochea chembe za aina hiyo kukua. Kisa kingine cha kuchekesha na kusikitisha: mwaka 2001 liliandikwa Singapore tukio la mwanaume aliyeota matiti baada ya kunywa vidonge hivi. Mtu mmoja hathibitishi kitu, lakini we mwanaume unayemmalizia mkeo kopo, haya.

Je, inasaidia? Jaribio linalotajwa sana lilifanyika California na kutolewa mwaka 1997. Wanawake 71 waliokwisha koma hedhi, nusu wakapewa danggui gramu 4.5 kwa siku na nusu vidonge vitupu, wiki 24. Katika zile joto za ghafla za usiku na mchana hakukuwa na tofauti. Wachina walilalamika, na mimi naona hoja yao ina uzito, kwamba umetoa mzizi mmoja nje ya mchemsho wake na kwa kipimo kidogo halafu unasema haufai. Basi Hong Kong wakaujaribu ule mchemsho wa Li Dongyuan, matokeo yakatoka 2008: miezi sita, na kwa ujumla haukuzidi dawa bandia kwa maana kubwa. Kwa maumivu ya hedhi kuna majaribio mengi zaidi, hasa ya China na Japani, mengine yanatia moyo, ila mengi ni madogo na ya mchanganyiko wa mimea, huwezi kusema ni danggui peke yake.

Sisemi dawa za Kichina ni uongo. Dawa mseto ya malaria tunayomeza tangu 2006 imetoka kwenye mmea wa Kichina, na Tu Youyou alipewa Nobel yake 2015. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964 na bara tangu 1968, wametibu wengi. Tofauti ni kwamba ile ya malaria ilipimwa mpaka ikajulikana inafanya nini na kwa kiasi gani.

Kuhusu kununua: sheria yetu ya tiba asili na tiba mbadala ya 2002 inataka mtoa huduma awe amesajiliwa na Baraza, kwa hiyo uliza cheti, usione aibu. Ujue pia kwamba Wajapani na Wakorea wana mizizi yao ya jamii hiyo yenye majina yanayofanana, na masoko yana mizizi mingine inayouzwa kama danggui. Ikiwa unga, macho hayakusaidii.

Na mama anayetoka damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, huyo asinunue mzizi wowote. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na uchunguzi wa awali ni wa dakika chache tu, wanapaka siki na kuangalia.

Kwa wale wazima wanaotaka tu kuonja, ipo supu ya Zhang Zhongjing mwenyewe: nyama ya kondoo, tangawizi mbichi nyingi na danggui kidogo kuliko tangawizi, vinachemshwa mpaka nyama inalainika. Aliiandika kwa maumivu ya tumbo ya mama aliyejifungua, kama sisi tunavyompa mzazi supu ya kuku au uji wa pilipili manga. Nimeinywa mara moja kwa rafiki. Tangawizi na kondoo, safi kabisa. Ule mzizi una uchungu na utamu kwa pamoja, na harufu ilikaa kwenye shati langu mpaka kesho yake.