Kuhama shule nchi za Ghuba: Barua ya mwajiri si sharti tena, notisi ndiyo sharti

MWALIMU Mkenya aliyekwenda kufundisha katika nchi za Ghuba miaka kumi na mitano iliyopita aliambiwa jambo moja mapema: kwamba hangeweza kuihama shule yake bila barua ya mwajiri. Barua hiyo, ambayo walimu wenyewe waliizoea kwa herufi tatu za NOC, ilikuwa ya kueleza kwamba mwajiri hana pingamizi. Mwajiri asipotaka kuiandika, mwalimu alibaki pale pale hata kama shule ya mtaa wa pili ilikuwa tayari kumlipa mara mbili.

Chanzo cha barua hiyo kilikuwa mfumo wa kafala, yaani dhamana. Chini ya mfumo huo mgeni huingia nchini kwa jina la mwajiri wake, na kibali chake cha kuishi huko hufungamanishwa na kazi hiyo moja.

Mambo hayo yamebadilika. Qatar iliondoa sharti la barua kwa sheria mbili za mwaka wa 2020. Oman ililegeza sharti lake mwanzoni mwa 2021 kwa wafanyakazi waliomaliza mikataba. Saudi Arabia ilianzisha utaratibu wake mpya Machi 14, 2021. Nazo Milki za Kiarabu (UAE) ziliiweka kando sheria ya leba ya 1980, iliyokuwa imedumu kwa zaidi ya miongo minne, na sheria nyingine ya mwaka wa 2021 ikaanza kutumika Februari 2, 2022.

Walakini, habari za mageuzi haya zimewafikia walimu zikiwa nusunusu. Wapo ambao bado wanaamini kwamba mwajiri ana uwezo wa kuwazuia, wakavumilia mishahara inayocheleweshwa mwaka nenda mwaka rudi. Wapo pia waliosikia kwamba kafala imefutwa, wakafungasha virago mwisho wa mwezi bila kumwaga mtu. Hawa wa pili ndio wanaoumia zaidi. Ukweli ni kwamba kibali cha kuishi nchini bado kimefungamana na mwajiri. Kilichoondolewa ni uwezo wa mwajiri kukataa mwalimu asiondoke, na nafasi ya uwezo huo imechukuliwa na notisi.

Inafaa tuanze na Milki za Kiarabu, kwani sheria yake ndiyo yenye vifungu vingi vinavyomgusa mwalimu wa shule ya kibinafsi.

Chini ya sheria ya 2021, mikataba yote ni ya muda maalum. Ule mkataba wa zamani usio na kikomo haupo tena. Kipindi cha majaribio hakiruhusiwi kuzidi miezi sita, na kikipita, upande wowote unaotaka kuvunja mkataba hutoa notisi ya maandishi isiyopungua siku 30 wala kuzidi siku 90. Idadi kamili huwa katika mkataba wenyewe. Asiyeitimiza notisi hiyo humlipa mwenzake fidia inayolingana na mshahara wa siku alizozikwepa.

Katika kipindi cha majaribio kanuni ni nyingine. Mwalimu anayetaka kuhamia mwajiri mwingine papo hapo nchini humo hutoa notisi ya mwezi mmoja, na mwajiri mpya humfidia wa kwanza gharama za kumwajiri, isipokuwa waajiri hao wakubaliane vinginevyo. Zingatia kwamba mzigo huo ni wa mwajiri mpya, si wa mwalimu. Anayetaka kurudi kwao katika kipindi hicho hutoa notisi ya siku 14. Akiondoka bila notisi yoyote, hapewi kibali cha kazi nchini humo kwa mwaka mmoja tangu siku aliyoondoka.

Adhabu ya mwaka mmoja humkumba pia anayeacha kwenda kazini bila sababu halali. Isitoshe, siku saba mfululizo za utoro zikipita, mwajiri ana ruhusa ya kumfuta mwalimu bila notisi. Hapo ndipo penye mtego. Mwalimu aliyechoshwa na shule huona heri ajifungie nyumbani wiki mbili akitafuta nafasi kwingine. Kumbe kwa kufanya hivyo amemkabidhi mwajiri silaha ambayo sheria mpya ilikuwa imempokonya.

Kuna hali ambazo mwalimu anaruhusiwa kuondoka bila notisi na bila kupoteza haki zake. Mojawapo ni mwajiri kukiuka mkataba au sheria, mathalani kwa kutolipa mshahara. Hata hapo sheria inataka wizara ya leba, ijulikanayo kama MOHRE, iarifiwe siku 14 za kazi kabla, na mwajiri awe amepewa nafasi ya kurekebisha kosa lake na kushindwa. Nyingine ni mwajiri au mwakilishi wake kumshambulia, kumdhulumu au kumdhalilisha mwalimu kazini, mradi jambo hilo limeripotiwa kwa wakuu ndani ya siku tano za kazi tangu mwalimu alipopata uwezo wa kuripoti. Ya tatu ni kupewa kazi iliyo tofauti kabisa na ile ya mkataba bila ridhaa ya maandishi. Aliyeajiriwa kufunza Hisabati katika shule ya upili kisha akafanywa mlinzi wa watoto kwenye basi ana hoja, lakini hoja hiyo itapimwa kwa karatasi, si kwa machozi.

Kalenda ya shule

Kwa mfanyakazi wa hoteli, notisi ya siku 90 ni siku 90 tu. Kwa mwalimu ni zaidi ya hapo, kwa sababu shule haziajiri kila mwezi.

Shule nyingi za kibinafsi katika Milki za Kiarabu hufungua mwaka wa masomo mwishoni mwa Agosti na kuufunga mwishoni mwa Juni au mapema Julai. Zile zinazofuata mtaala wa India huanza Aprili. Mahojiano ya nafasi za Agosti huanza miezi mingi kabla, aghalabu Januari au Februari. Mwalimu ambaye mkataba wake unadai notisi ya siku 90, na ambaye shule mpya inamtaka afike Agosti 25, anapaswa kuwa ameiwasilisha barua yake kufikia Mei 27. Akingoja shule ifungwe Julai ndipo aandike, atakuwa bado amefungwa na shule ya kwanza wakati wenzake wanaingia madarasani kwingine.

Vilevile, kibali cha leba peke yake hakitoshi. Dubai ina mamlaka yake ya elimu iitwayo KHDA na Abu Dhabi ina ADEK, na ni lazima shule mpya ipate idhini ya mamlaka husika kabla ya mwalimu kukabidhiwa darasa. Vyeti vilivyotiwa mihuri Nairobi, katika Wizara ya Mashauri ya Kigeni na ubalozi wa nchi husika, vitahitajika tena. Ni busara mwalimu akae navyo mwenyewe. Sheria inamkataza mwajiri kuzuia hati rasmi za mfanyakazi, pasipoti ikiwamo, wala haimruhusu kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri.

Wapo wanaoanza kufundisha shule mpya "kwa muda tu" karatasi zikiwa bado njiani. Wasithubutu. Tangu marekebisho ya 2024, mwajiri anayemtumia mtu bila kibali hukabiliwa na faini ya kati ya dirhamu 100,000 na milioni moja. Shule inayokushawishi uanze bila kibali haijakufanyia hisani.

Jambo jingine la kusomwa kwa makini ni kifungu cha kutoshindana, kinachomzuia mfanyakazi kujiunga na mshindani wa mwajiri wake. Sheria inakiruhusu, ila kisizidi miaka miwili baada ya mkataba kwisha, kitaje mahali na aina ya kazi, na kiwe cha kulinda maslahi halali ya biashara. Mwajiri akivunja mkataba kinyume cha sheria, kifungu hicho huanguka.

Kiinua mgongo

Badiliko ambalo halizungumzwi sana, na ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu lina uzito sawa na lile la barua, linahusu kiinua mgongo. Mfanyakazi aliyemaliza angalau mwaka mmoja hulipwa mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Chini ya sheria ya 1980, mwenye mkataba usio na kikomo aliyejiuzulu kabla ya kutimiza miaka mitatu alipata thuluthi moja tu ya malipo hayo. Sasa kujiuzulu hakupunguzi kitu.

Chukua mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa dirhamu 6,000 aliyefundisha miaka miwili kamili. Mshahara wake wa siku ni dirhamu 200, hivyo kiinua mgongo ni dirhamu 4,200 kwa mwaka, jumla 8,400. Zamani angeondoka na 2,800.

Hesabu hiyo hutumia mshahara wa msingi pekee. Shule inayotangaza dirhamu 9,000, kumbe 3,000 ndizo za msingi na zilizosalia ni marupurupu ya nyumba na usafiri, itampa mwalimu nusu ya kiinua mgongo tulichokitaja. Hilo hutazamwa kabla ya kutia sahihi mkataba, kwa kuwa siku ya kuondoka halina dawa.

Malipo yote yanapaswa kutolewa ndani ya siku 14 tangu mkataba ulipokwisha. Kwa kuwa karatasi za kufuta kibali kwa kawaida huwa na maneno kwamba mfanyakazi amepokea haki zake zote, asitie sahihi kabla ya kuziona fedha. Kukiwa na mvutano, malalamiko hupelekwa MOHRE, na tangu Januari 2024 wizara hiyo ina mamlaka ya kuamua yenyewe madai yasiyozidi dirhamu 50,000.

Qatar na Saudi Arabia

Utaratibu wa Qatar ni mwepesi kueleweka. Mwalimu aliyefanya kazi miaka miwili au chini yake hutoa notisi ya mwezi mmoja. Aliyepitisha miaka miwili hutoa miezi miwili. Katika kipindi cha majaribio notisi ni mwezi mmoja, na mwajiri mpya hufidia gharama za kuajiri na tikiti ya ndege kwa kiasi kisichozidi mshahara wa msingi wa miezi miwili. Arifa hupitia mtandao wa wizara ya leba. Anayeondoka nchini bila notisi hupigwa marufuku ya mwaka mmoja, sawa na kwa majirani zake.

Saudi Arabia ni kali zaidi. Anayetaka kuhama bila idhini ya mwajiri anatakiwa kwanza awe ametimiza mwaka mmoja tangu aingie nchini, awe na mkataba uliosajiliwa, na atoe notisi kupitia mtandao wa Qiwa. Kuhama kabla ya mkataba kwisha hakumwondolei wajibu wa fidia iliyoandikwa mle. Sharti la mwaka mmoja huondoka iwapo mwajiri amekosa kulipa mshahara kwa miezi mitatu mfululizo, au kibali cha ukaazi kimekwisha bila kuhuishwa. Walimu wamo katika utaratibu huu. Watumishi wa nyumbani na madereva wa familia, ambao ndio sehemu kubwa ya Wakenya walioko huko, waliachwa nje ulipoanzishwa, na ushauri unaomfaa mwalimu usichukuliwe kuwa unamfaa dada yake aliyeko jikoni.

Kuhusu kiinua mgongo, Saudi Arabia bado humwadhibu anayejiuzulu: chini ya miaka miwili hapati kitu, kati ya miwili na mitano hupata thuluthi moja, kati ya mitano na kumi thuluthi mbili. Anayeuacha mkataba wake ukamilike hulipwa chote. Kwa mwalimu aliyebakiza miezi minne, subira hiyo ina thamani ya fedha taslimu.

Familia

Mwalimu aliyehamia Ghuba na mke au mume na watoto ana hesabu moja zaidi. Vibali vya jamaa zake huning'inia kwenye kibali chake. Katika Milki za Kiarabu, kabla ya kibali cha mdhamini kufutwa, vile vya familia hufutwa au husimamishwa kwa muda kwa kuweka dhamana ya fedha, hadi kipya kitoke. Siku za neema za kubaki nchini baada ya kufutwa ziliongezwa kwa mageuzi ya viza ya Oktoba 2022, lakini hutofautiana kulingana na aina ya kibali, hivyo tarehe ya mwisho itazamwe kwenye karatasi ya kila mmoja.

Kuna pia karo. Shule nyingi huwapunguzia walimu wake karo ya watoto wao, na punguzo hilo hukoma ajira inapokoma. Kabla ya barua ya kujiuzulu kuwasilishwa Mei, mwalimu aiulize shule mpya kwa maandishi mambo mawili: ina nafasi katika darasa la mwanawe Agosti, na itamtoza kiasi gani.