Supavaiza Anakusumbua Job? Jua Haki Zako Kabla Utoke kwa Geti

Kama unapiga kazi kiwandani Thika ama shamba la maua pande za Ruiru, labda ushaambiwa, "Ukiona ni ngumu, geti iko wazi." Usitoke bila rada. Sheria ya Ajira ya 2007 inakulinda hata kama uliandikwa kwa mdomo tu.

Akikutaka kimapenzi
Kuitisha mapenzi ndio akupee ovataimu, maneno machafu, picha chafu, kukushikashika: Kifungu cha 6 kinakataza zote. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kuenda juu lazima awe na sera iliyoandikwa ya kuonyesha utaripoti wapi. Polisi pia unaweza enda, juu Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa mkubwa kama huyo kifungo kisichopungua miaka 3, faini isiyopungua shilingi 100,000, ama zote mbili.

Akitaka ufutwe
Kama ni mambo ya makosa, Kifungu cha 41 kinasema uelezwe kosa kwa lugha unayoelewa na usikizwe kwanza, ukiwa na mfanyakazi mwenzako ama mwakilishi wa chama. Na kulalamika si sababu ya kufutwa, bora malalamiko yako yawe na msingi.

Ukiwa umechoka unataka kuacha
Korti inaweza kuhesabu kujiuzulu kwako kama kufutwa, kama mwajiri ndiye alivunja mkataba vibaya. Lakini hapa chunga: kuthibitisha ni juu yako, na usikae sana baada ya kosa kutokea.

Saa inahesabu
Ukifutwa, una miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Hauhitaji wakili kuongea naye. Korti ni ndani ya miaka 3. Kama mshahara wako haupiti shilingi 80,000 kwa mwezi, kesi inaweza sikizwa na hakimu, si lazima uende mahakama ya ajira. Ukishinda, fidia inaweza fika mshahara wa miezi 12.

Anza leo
Andika tarehe, saa, maneno yenyewe na nani alikuwa hapo. Weka skrinshoti mahali supavaiza hawezi fikia, si kwa simu ya kampuni. Peleka malalamiko kwa barua, ubaki na kopi imepigwa muhuri. Bila karatasi, mbele ya hakimu itakuwa neno lako dhidi ya lake, na yeye ana mashahidi anawapangia shifti.