Lugha Nyingi, Daftari Moja: Majina ya Mahali katika Nyanda za Karatu na Ngorongoro

Historia ya kubadilishwa kwa majina ya miji barani Afrika husimuliwa mara nyingi kupitia miji mikubwa ambayo siku ya kupewa jina jipya inajulikana na amri iliyolitangaza inaweza kusomwa hata leo. Mwaka 1966 Léopoldville, Stanleyville na Elisabethville za Kongo zikawa Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Mwaka 1976 Lourenço Marques ikawa Maputo. Mwaka 1982 Salisbury ikawa Harare. Nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, zilizo kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi, hazina historia ya namna hiyo. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro ni vigumu kupata jina la mji lililofutwa na mtawala mmoja ili abandike la kwake, na bado hapana kilima wala kijiji ambacho jina lake halikupitia mikononi mwa wenye nguvu. Watawala wa huku hawakutunga majina mengi. Walichagua neno la watu gani liandikwe, na uchaguzi huo, ingawa ulifanyika bila sherehe, uliamua mengi kuliko amri za kubadilisha majina ya miji mikuu.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kutazama wingi wa lugha zilizobanana katika eneo hili. Buger ni kata, yaani mkusanyiko wa vijiji vyenye diwani mmoja, katika wilaya ya Karatu, upande wa msitu wa Marang ulio juu ya bonde la Ziwa Manyara, na wenyeji wake wengi ni Wairaqw, wasemaji wa lugha ya Kikushi iliyo na undugu wa mbali na Kisomali na Kioromo. Kusini na magharibi yao wamo Wadatoga, wafugaji wa lugha ya Kiniloti. Kaskazini wamo Wamaasai, ambao nao ni Waniloti, ila lugha zao hazisikilizani. Kando ya Ziwa Eyasi wamo Wahadza, wawindaji ambao lugha yao haijapatiwa ndugu wa hakika. Na katikati ya wote wamo wasemaji wa lugha za Kibantu pamoja na Kiswahili kilichowaunganisha. Mahali pamoja paliweza kuwa na majina matatu kwa wakati mmoja, kila moja likitumiwa na watu wake pasipo ugomvi, mpaka alipokuja mtu mwenye karatasi iliyokuwa na nafasi ya jina moja tu.

Mabadiliko makubwa ya kwanza yanayojulikana hayakuletwa na Mzungu. Kabla ya katikati ya karne ya 19 malisho ya Ngorongoro yalikuwa ya Wadatoga, hadi Wamaasai walipowashinda kwa vita na kuwasukuma kusini, kuelekea Eyasi na Mlima Hanang. Wamaasai waliwaita maadui hao Mang'ati, jina ambalo Kiswahili kimeliokota na kulitumia hadi leo, ilhali wenyewe hujiita Datoga. Pamoja na malisho, washindi walichukua pia haki ya kuyataja: Ngorongoro, ambalo husimuliwa kuwa ni mwigo wa mlio wa kengele za ng'ombe, Lerai, msitu uliopewa jina la migunga ya manjano, Olmoti, mlima ulioitwa chungu, na Oldeani, mlima wa mianzi. Kumbukumbu ya walioshindwa imebaki katika kaburi la kiongozi wao lililomo ndani ya kasoko, yaani lile shimo kubwa lililoachwa na volkano iliyoporomoka ambalo wengi huliita kreta, na Wadatoga wameendelea kulizuru kaburi hilo kwa heshima ingawa jina la nchi inayolizunguka si lao tena.

Wajerumani walipofika waliikuta kazi hiyo imekwisha kufanyika. Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na chama cha Wajerumani cha kupinga utumwa, aliingia Ngorongoro mwezi Machi 1892, akayaandika majina kama alivyoyasikia, na kwa kuwa wafugaji wenye nguvu wa nyanda hizo walikuwa Wamaasai, ramani iliyochorwa Ulaya ikajaa Kimaasai. Baada yake mwanajiografia Fritz Jaeger, aliyepita huku mwaka 1906 na 1907, alilipa eneo zima jina la Kijerumani lenye maana ya nyanda za makasoko makubwa, lakini jina hilo liliishi vitabuni tu, kwani hapakuwa na mchungaji wala mkulima aliyelihitaji. Ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walifuga na kulima ndani ya kasoko lenyewe hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Magofu ya nyumba yao yapo, na jina lao halikushika mahali.

Hali haikuwa hivyo kila palipofika bendera ya Ujerumani. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, Kasanga ya Ziwa Tanganyika iliitwa Bismarckburg, Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na Liuli ya Ziwa Nyasa iliitwa Sphinxhafen, majina ambayo yote yaliondoka na walioyaleta. Kule Uhehe Wajerumani walifanya jambo la ndani zaidi: baada ya kuiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1894, walijenga boma lao mahali pengine mwaka 1896 na kulihamishia jina la Iringa, hivi kwamba mji wa mshindi ukavaa jina la mji wa mshindwa. Jina la namna hiyo halikuhitaji kubadilishwa baada ya uhuru, kwa kuwa lilikwisha kuonekana la kienyeji, ingawa lilikuwa limehamishwa kwa nguvu za silaha. Mwanahistoria anayehesabu majina ya kigeni yaliyofutwa tu ataupita mfano huu bila kuuona, na ndio unaofundisha zaidi.

Mbulu ni mfano wa karibu nao. Wajerumani waliweka boma lao katika nyanda za Wairaqw na kupaandika Umbulu. Wenyeji hupaita Imboru. Kutokana na jina la boma, watu wote waliotawaliwa kutoka hapo wakaitwa Wambulu, na Mwiraqw aliyejaza fomu ya serikali au aliyekwenda kufanya kazi mbali alijikuta na kabila lililotokana na kituo cha kodi. Chini ya Waingereza, waliowafuata Wajerumani, wilaya ya Mbulu ilitenganishwa na wilaya ya Wamaasai, na Wairaqw, ambao katika karne ya 19 walikuwa wamejihifadhi katika milima yao ya asili kwa hofu ya kuvamiwa, walisambaa kaskazini wakiifungua ardhi ya Karatu na Mbulumbulu kwa jembe na mifugo. Majina yanayoanza na Enda- yanaonyesha jinsi usemi mmoja ulivyotandaa pande zote mbili: Endagikot iko Mbulu, na Endabash, Endamarariek na Endallah ziko Karatu. Wakati huohuo miteremko ya Oldeani iligawiwa walowezi, wengi wao Wajerumani waliorejea katika miaka ya 1920, kwa ajili ya mashamba ya kahawa. Hivyo jina la Kimaasai likawa anwani ya posta ya wakulima wa Kijerumani chini ya gavana Mwingereza, katika mashamba ambamo Wairaqw na vibarua wengine walifanya kazi.

Kiswahili nacho kilikuwa na majina yake, na haya ndiyo yanayoonyesha wazi kazi iliyofanywa mahali. Kambi ya Simba, Kilimatembo, Njiapanda na, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, Mto wa Mbu, ni majina ya barabara, ya wawindaji, ya vibarua na ya wahamiaji wa makabila mengi waliohitaji neno ambalo hakuna aliyeshindwa kulitamka. Ugumu ulikuwa upande wa pili, katika kuyaandika majina ya Kiiraqw yenye sauti zisizokuwamo katika Kiswahili. Ramani na madaftari ya Karatu yamehifadhi Qurus, Slahhamo na Rhotia, ambamo q husimamia sauti inayotolewa nyuma kabisa ya kinywa na hh husimamia sauti ya kooni, ila mgeni anayesoma kibao husema "Kurus" na "Roti-a". Uhifadhi huo wa herufi unastahili kusifiwa, maana karani angeweza kuzifuta kwa urahisi.

Panapohusika sayansi, kosa la sikio limesafiri mbali zaidi. Korongo ambalo Wamaasai huliita Oldupai, kwa mkonge wa porini unaoota humo, liliandikwa Olduvai na Mjerumani Wilhelm Kattwinkel mwaka 1911, na tahajia hiyo ndiyo iliyojaza vitabu vya dunia baada ya Mary Leakey kugundua mwaka 1959 fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, neno la kale la Waarabu kwa pwani ya Afrika Mashariki. Fuvu la Umaasaini likabeba hivyo jina la pwani.

Uhuru haukubadilisha majina mengi huku, kwa kuwa hapakuwa na jina la Kaiza, mfalme wa Ujerumani, la kuondoa kama lile la kilele cha Kilimanjaro kilichogeuzwa kuwa Uhuru. Ulichobadilisha ni mipaka na orodha. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikusanya kaya zilizotawanyika katika vijiji vyenye jina moja la kisheria, na majina ya koo na vilima yaliyobaki nje ya usajili yakawa ya mazungumzo tu. Katika miaka ya 1990 Karatu ilimegwa kutoka Mbulu, na mwaka 2002 Mbulu ikahamia mkoa mpya wa Manyara huku Karatu, pamoja na Buger, ikibaki Arusha. Watu wa lugha moja wakawa wa mikoa miwili.

Nguvu ya orodha ilidhihirika zaidi mwaka 2024. Tangazo la Serikali lililochapishwa tarehe 2 Agosti lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya tarafa ya Ngorongoro, zikiwamo Endulen na Nainokanoka, katika mvutano wa muda mrefu kuhusu kuhamishwa kwa wafugaji kutoka eneo la hifadhi. Hakuna aliyependekeza majina mapya; kilichoondolewa ni nafasi ya majina katika daftari, na pamoja nayo uhalali wa mwenyekiti wa kijiji, mhuri wa ofisi na kituo cha kupigia kura. Maelfu ya wakazi waliandamana kando ya barabara kuu, Mahakama Kuu ya Arusha ikasimamisha tangazo hilo tarehe 22 Agosti, na kisha serikali ikaahidi kuwa wakazi watashiriki uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba katika vijiji vyao, kwa majina yaleyale.